Rivyu: kozi ya mtandaoni ya vivumishi vya Kingereza, nini kinatangulia nomino na nini kinafuata

Wadau habari zenu. Nimemaliza kozi ya video ya sarufi ya Kingereza, ile moduli ya maneno yanayoelezea nomino, yaani lipi linakaa kabla ya nomino na lipi linakaa baada yake, na nimeona niandike rivyu ya kueleweka maana nilizozisoma kabla ya kujiunga zote zilikuwa "mwalimu anaeleweka sana, nyota tano" basi imeisha, hujui anaeleweka kwenye nini. Jina la kozi siliweki, nataka tuongelee mafundisho yenyewe, na kozi nyingi za aina hii zinafuata mtiririko uleule kwa hiyo hata ukichukua nyingine haya bado yatakufaa.

Msimamo wangu ni huu: nusu ya pili ya kozi ni nzuri mno na inastahili muda wako, nusu ya kwanza ni ya kukaririshana, na kuna kitu kimoja hakimo kabisa ambacho kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili ndo kilitakiwa kiwe somo la kwanza kabla ya mengine yote.

Video ya ufunguzi inakwambia Kingereza kinaweka kivumishi kabla ya nomino, "a big house", wakati sisi tunasema nyumba kubwa. Ni kweli, sina ubishi. Ila somo linaishia hapo, alafu unapewa orodha: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi, kazi ya kitu, kariri hivohivo. Na mfano wanaokupa ni huu hapa, "a lovely little old round green French wooden jewellery box", vivumishi vinane kwa kisanduku kimoja. Sijawahi kuona mtu ameandika hivo kwenye barua wala ripoti wala habari. Maandishi ya kawaida yana viwili, vikizidi ni vitatu, na hapo ndo mwanafunzi anakwama, maana amekariri orodha ndefu lakini hajui kwa nini iko hivo, kwa hiyo akikutana na vivumishi viwili ambavyo orodha haivitenganishi vizuri anabahatisha.

Kumbe sababu ipo na inaelezeka kwa dakika chache. Kadiri neno linavyohusu asili ya kitu chenyewe ndivyo linavyosogea karibu na nomino, na kadiri linavyokuwa maoni ya msemaji ndivyo linavyokaa mbali. Chukua "a beautiful old wooden door". Mlango ni wa mbao, hilo halibadiliki uupende usiupende, kwa hiyo "wooden" inagusana na "door". Umri wake nao ni jambo la kweli lakini unasogea na miaka, unakaa katikati. Uzuri ni wa macho yako wewe, mwingine atasema mbaya, unakaa mwisho kabisa upande wa mbali. Ukishika hilo huhitaji orodha, unajiuliza tu kati ya haya maneno mawili lipi ni la kitu na lipi ni la kwangu mimi, jibu linakuja. Na ukitazama vizuri utaona Kiswahili kinapenda mpangilio huohuo ila kwa upande wa pili wa nomino, mlango wa mbao wa zamani mzuri, mbao karibu, uzuri mbali. Kozi haikusema hili hata kwa sentensi moja na mimi naona ni hasara kubwa maana mwanafunzi angeondoka na kitu ambacho tayari anacho kichwani.

Kwenye koma walijitahidi. "A long, boring meeting" ina koma kwa sababu hayo maneno mawili yako ngazi moja, unaweza ukayageuza au ukaweka "and" katikati na bado inakaa sawa. "A new electric car" haina koma kwa sababu "electric" inasema ni aina gani ya gari, na "new" inaelezea hiyo aina nzima, ukigeuza ukasema "an electric new car" sikio la Mwingereza linashtuka. Klipu fupi, mfano mzuri, zoezi la maana, hapa nawapa haki yao.

Sasa nije kwenye kile kinachokosekana.

Sisi tuna upatanisho wa ngeli. Kila neno linaloelezea nomino linabeba alama ya nomino yake, kwa hiyo hata likikaa mbali unajua ni la nani. Sema "kifuniko cha sanduku kilichovunjika", kilichovunjika ni kifuniko. Sema "kifuniko cha sanduku lililovunjika", hapo limevunjika sanduku na kifuniko kinaweza kuwa kizima kabisa. Silabi mbili tu zimemaliza kazi na maneno hayajahama hata kidogo. Sasa peleka kwenye Kingereza: "the lid of the box that was broken". Nini kimevunjika? Haijulikani. Kivumishi cha Kingereza hakibebi alama yoyote, "red car", "red cars", ileile "red" haijali umoja wala wingi wala aina ya kitu. Vinavyobadilika ni vichache sana, "this" na "these", "that" na "those", "much" na "many", vingine vyote vimekaa kimya.

Kwa hiyo Kingereza kikikosa alama kinategemea nini? Kinategemea mahali. Neno likikaa ubavuni mwa nomino ndo mali ya ile nomino. Ukitaka kuondoa utata kwenye ule mfano wa juu huongezi kitu, unahamisha tu: "the broken lid of the box" au "the lid of the broken box". Umechukua kishazi kizima kilichokuwa kinaning'inia mwishoni ukakifanya neno moja kabla ya nomino na utata umekwisha. Hii ndo sababu mahali pa neno ni jambo zito kwao kuliko kwetu, na mwanafunzi wetu akielezwa hivi mwanzoni kabisa kila sheria inayofuata inakuwa na maana kwake. Kozi inamfundisha mtu mpangilio kama amri tu, wakati ule mpangilio unafanya kazi ileile ambayo ki- na li- na zi- zinafanya huku kwetu.

(Na tuwe wakweli, na sisi nomino zikiwa za ngeli moja tunaingia kwenye shimo hilohilo. "Dada wa mwalimu aliyehama", nani kahama? Hapo inabidi na sisi tujipange upya.)

Kitu kingine wangekitumia ni kwamba hata Kiswahili hakiweki kila kitu baada ya nomino. Tunasema kitabu hiki na pia hiki kitabu, na "kila" haikai kokote isipokuwa mbele, kila mtu, kila siku, hakuna siku kila. Kwa hiyo wazo la neno kutangulia nomino halitoki mbinguni, mwanafunzi analo, muoneshe tu.

Moduli inaanza kupata nguvu ikifika kwenye nomino kuelezea nomino, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo sehemu watu wengi wanaumia kwenye maofisi. Kingereza kinapenda kupanga nomino mstari mmoja bila kiunganishi chochote. Mfano wa kozi ulikuwa "student health insurance application form". Mwalimu anaiweka kwenye skrini, anasema anza kusoma kutoka mwisho. Mwisho ni "form", kwa hiyo tunaongelea fomu. Fomu ya nini, "application", ya maombi. Maombi ya nini, "insurance", ya bima. Bima ya nini, "health", ya afya. Ya nani, "student", ya mwanafunzi. Fomu ya maombi ya bima ya afya ya mwanafunzi. Nilisimamisha video hapo nikaandika hizo mbili juu na chini kwenye karatasi, ya Kingereza na ya Kiswahili, ni maneno yaleyale kwa mpangilio uliogeuzwa kabisa, la kwanza limekuwa la mwisho na la mwisho la kwanza, kilichoongezeka ni zile -a za kuunganisha tu. Ukilijua hili huogopi tena kichwa cha barua kirefu cha Kingereza, unaenda moja kwa moja kwenye neno la mwisho unarudi nyuma taratibu.

Na ukigeuza mpangilio unapata kitu kingine. "A race horse" ni farasi, "a horse race" ni mashindano. "A houseboat" ni boti ambayo watu wanaishi ndani yake, "a boathouse" ni banda la kuhifadhia boti. "A garden flower" ni ua, "a flower garden" ni bustani. Walitoa jozi nyingi za hivi na zoezi lake ni la picha, unaona picha unachagua jina, nililipenda sana.

Nomino inayotangulia kwa kawaida inakuwa ya umoja hata kama vitu ni vingi. Duka linauza viatu maelfu lakini ni "a shoe shop". Hii inaingia pia kwenye vipimo, mtoto ana miaka kumi, "he is ten years old", yenye s, lakini ukiisogeza kabla ya nomino inakuwa "a ten-year-old boy", s imeondoka na vistari vimeingia. Semina ya siku tatu ni "a three-day seminar". Kamba yenye urefu wa mita mbili ni "a two-metre rope", lakini "the rope is two metres long". Hili kosa la kuandika "a three-days seminar" lipo kila mahali mpaka kwenye mabango, na kozi imelishughulikia vizuri. Kitu hawakukisema ni kwamba kuna zinazokataa kuacha s yake, "a sports car", "a savings account", "a customs officer", "a clothes shop". Customs ukiitoa s inabaki "custom" ambayo ni desturi, maana imepotea, na "clothes" haina umoja wa kawaida. Walitaja "sports car" wakapita kama upepo, mwanafunzi anabaki kujiuliza ni hiyo peke yake au kuna nyingine.

Kwenye matamshi sasa hawa jamaa ni wazuri kweli. Wana klipu moja ya mkazo ambayo ningeitoa bure kwa kila mtu kama ingekuwa yangu. "English teacher", ukiweka mkazo kwenye "English" ni mwalimu wa somo la Kingereza, anaweza kuwa mtu wa taifa lolote, ukiweka mkazo kwenye "teacher" ni mwalimu ambaye ni Mwingereza, anaweza kuwa anafundisha hesabu. "Toy factory", mkazo kwenye "toy" ni kiwanda kinachotengeneza midoli, mkazo kwenye "factory" ni kiwanda cha kuchezea chenyewe, mdoli wenye umbo la kiwanda. Kwa maandishi huwezi kuvitofautisha, ni sikio tu, na wanakuchezea sauti unachagua maana. Rudia hilo zoezi mpaka ulichoke.

Nusu ya pili, maneno yanayokaa baada ya nomino. Nadhani mwalimu ni mwingine maana hata namna ya kuongea imebadilika, anaongea polepole, anatoa sababu kabla ya sheria.

Anaanza na "something new", "nobody important", "anything useful". Haya maneno ya kijumla yanavuta kivumishi nyuma yake siku zote, "new something" haipo. Anapita haraka, sawa, ni jepesi. Hapohapo anaingiza yale maneno yanayoanza na a-, "asleep", "awake", "alive", "afraid", ambayo hayakai kabla ya nomino. Huwezi kusema "an asleep child", unasema "a sleeping child" au "the child is asleep". Na kinyume chake yapo yanayokaa kabla tu, "the main reason" sawa, "the reason is main" hapana. "A former president" sawa, "the president is former" hapana.

Afu anatoa kanuni ambayo kwangu mimi ndo moyo wa kozi nzima: neno likiwa peke yake linatangulia, likija na mkia linafuata. "A proud father", liko peke yake, limetangulia. "A father proud of his children", limekuja na mkia "of his children", limehamia nyuma lote zima na mkia wake. "A full box" lakini "a box full of books", huwezi kusema "a full of books box". "Stolen money" lakini "money stolen from the office". "The sleeping child" lakini "the child sleeping on the sofa". Kanuni moja inabeba vivumishi, inabeba vitenzi vyenye -ing, inabeba vyenye -ed, unaona mambo ambayo vitabu vya shule vinayaweka kwenye sura tatu tofauti ni jambo moja tu. Nilipofika hapa ndo nilianza kuamini hii kozi.

Na hakuficha kwamba kuna zinazovunja kanuni. Mkia ukiwa mfupi unaweza kufungwa kwa vistari ukaingia kabla ya nomino, "a well-known doctor". Kuna zinazojigawa, neno linabaki kabla na mkia unaenda nyuma, "a difficult book to read", "a different answer from mine". Alitoa mifano akasema zizoee kwa kusoma, naona ni ushauri sahihi maana ukijaribu kuzitungia sheria zinakuwa nyingi kuliko faida.

Sasa sehemu ambayo kila anayeandika mihtasari ya vikao lazima aione. Yapo maneno ambayo yanakubali kukaa pande zote mbili lakini maana inabadilika. "The members present" ni wajumbe waliohudhuria. "The present members" ni wajumbe wa sasa, waliopo kwenye nafasi kwa kipindi hiki, wawe wamekuja kikaoni au wamelala nyumbani. Kwenye muhtasari hiyo tofauti ndo inayoamua kama akidi ilitimia. "The parents concerned" ni wazazi wanaohusika na jambo, "concerned parents" ni wazazi wenye wasiwasi. "The people involved" ni waliohusika, "an involved explanation" ni maelezo yenye mizunguko mingi.

Mfano uliokaa zaidi ni wa "responsible". Mwalimu aliweka barua ya meneja kwenye skrini, kuna fedha zimepotea, meneja anaandika "we will discipline the responsible staff". Anachosema kwa Kingereza hicho ni kwamba atawachukulia hatua wafanyakazi wenye kuwajibika, wale wazuri. Alitakiwa aandike "the staff responsible". Neno moja kuhama hatua moja, na barua rasmi imegeuka kichwa chini miguu juu. Alafu anafafanua kwa nini: kabla ya nomino neno linaelekea kueleza tabia ya kudumu, baada ya nomino linaelekea kueleza hali ya pale au ya wakati ule. "The visible stars" ni nyota ambazo kwa jumla zinaonekana kwa macho, "the stars visible" ni zinazoonekana usiku huu. Anasema kuelekea, hasemi lazima, na mimi naheshimu mwalimu anayechagua neno kwa uangalifu namna hiyo.

Aligusa pia "late", japo hii ni tofauti kidogo, inahusu kukaa kabla ya nomino au baada ya kitenzi. "The director is late" amechelewa. "The late director" ni marehemu. Nadhani ingefaa iwe na zoezi lake maana ni kosa ambalo linaweza kuumiza watu, umeandika tangazo unadhani unasema mkurugenzi aliyechelewa kumbe umetangaza msiba.

Historia ameipa dakika chache ila zimenoga. Kwa nini "attorney general", "notary public", "court martial", "heir apparent", kwa nini kivumishi kimefuata nomino kama kwetu? Ni Kifaransa. Mwaka 1066 Wanormani, watu waliotoka Ufaransa, waliiteka Uingereza na tabaka la watawala likawa linaongea Kifaransa, mahakama zikafuata, na Kifaransa kwa kawaida kinaweka kivumishi baada ya nomino. Mwaka 1362 Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kingereza kwa sababu watu wengi hawakielewi Kifaransa, lakini misamiati ya sheria ilikuwa imeshaota mizizi na mingine ipo mpaka leo. Kutokana na hapo unajua wingi wake, s inaenda kwenye nomino, "attorneys general", "notaries public", "secretaries general". "Courts martial" ndo ya asili ingawa "court-martials" nayo inakubalika kwenye kamusi. Lakini "major general" wingi wake ni "major generals", kwa sababu pale "general" ndo cheo, ndo nomino yenyewe. Hiyo jozi ya "attorneys general" na "major generals" ukiielewa umeelewa nomino kuu ni nini, huhitaji maelezo mengine.

Vishazi rejeshi walivifanya kawaida tu. Suala la koma lipo na limeelezwa vizuri, "my brother who lives abroad" bila koma ina maana una kaka zaidi ya mmoja na unamtaja huyo wa nje, ukiweka koma mbili ni kaka mmoja na hiyo ya kuishi nje ni nyongeza ya habari. Ila kosa letu sisi halimo. Kiswahili tunasema mtu niliyemwona, hiyo -mw- ipo ndani na ni sahihi kabisa, sasa mtu akihamisha anaandika "the man who I saw him", hiyo "him" imetoka kwenye -mw-. Kingereza hakiitaki, "the man who I saw" inatosha, au hata "the man I saw". Kozi haikuandaliwa kwa ajili yetu peke yetu najua, lakini kuna lugha nyingine nazo zinarudisha kiwakilishi namna hiyo, Kiarabu mfano, kwa hiyo wanafunzi wao wengi tu wangefaidika na klipu moja ya hili.

"Such a big problem" na "so big a problem" zina klipu yake, "enough" nayo ipo, "big enough" lakini "enough money", ni sawa, hazina shida.

Shida yangu kubwa ya kiufundi ni kwizi. Inasahihishwa na mashine na mashine inajua jibu moja tu. Swali lilitaka upange maneno "room, only, the, available", nikaandika "the only room available", ikanipiga mkasi, jibu lao ni "the only available room". Zote mbili ni Kingereza safi. Maneno kama "available" na "possible" yakiwa na "only" au na neno la kuzidi kama "best" yanakubali pande zote, "the best possible solution", "the best solution possible", na kinachouma ni kwamba mwalimu wao mwenyewe anasema hivohivo kwenye video ya nusu ya pili. Niliwaandikia, wakajibu kwa heshima kwamba wamelipeleka kwa wahusika, mpaka naandika hapa halijarekebishwa. Mwanafunzi asiyejiamini akipigwa mkasi kwenye jibu sahihi atalitupa jibu sahihi, na hiyo kwenye kozi ya lugha ni jambo la kushughulikia haraka kuliko kuongeza video mpya.

Mengine kwa kifupi: sauti iko safi, maandishi ya chini yapo na yanaendana na anachosema, kwenye simu inafungua bila kusumbua, noti unaweza kuzipakua ila za nusu ya kwanza ni ileile orodha tu. Darasa la laivu lipo, ukipata nafasi ingia na sentensi zako mwenyewe ulizoandika, usiingie mikono mitupu, maana mwalimu anasahihisha ulicholeta na asiyeleta kitu anabaki msikilizaji.

Kama unaanza Kingereza kabisa hii sio yako bado, utachanganyikiwa. Kama unaandika ripoti, mihtasari, imeili za kazi, au unatafsiri, ichukue, ila usifuate mpangilio wao. Anza na ile kanuni ya mkia, kisha "members present" na wenzake, ndo urudi kwenye nomino zilizopangwa mstari, alafu zile orodha za mwanzo ziangalie mwisho ukiwa tayari unajua kwa nini neno linakaa lilipokaa. Zoezi la mwisho kabisa la kuhariri usiliruke, wanakupa aya imejaa virai vinavyoning'inia na unatakiwa kuhamisha tu bila kuongeza neno, lifanye kabla hujafungua majibu, na ukimaliza fungua imeili yako ya zamani ya kazini uifanyie vilevile.